Pale, kule au mle? Chagua mahali pa kazi yako ya video kabla ya kukodi projekta

Kabla hujaenda kukodi projekta ya kazi yako ya sanaa ya video, ile ambayo picha na mahali inapooneshwa ni kitu kimoja, jibu kwanza swali la sarufi ya shule ya msingi: kazi yako iko pale, kule au mle?

Sitanii. Kiswahili hakitosheki na neno moja la mahali. Mezani pana kikombe, Tukuyu kunanyesha, chumbani mna giza. Pa- ni mahali unapoweza kupaonesha kwa kidole. Ku- ni huko, eneo ambalo mipaka yake haijulikani vizuri, uendako au utokako. Mu- ni ndani, umezungukwa. Wasanii wa video wa nchi za nje wamehangaika na jambo hili tangu miaka ya 1960, kamera za kubeba begani zilipoanza kuuzwa, na kila nikiangalia kazi zao naona kila mmoja ameegemea kiambishi chake kati ya hivi vitatu.

Nawaandikia wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, sisi tunaoshuti sendofu na kipaimara wikiendi halafu katikati ya wiki tunataka kufanya kitu chetu. Swali ninaloulizwa sana ni "nianze na skrini ngapi?" Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni mtazamaji atasimama wapi, na mwili wake utafanya nini.

Kule, na mtego wa milima

Huku kwetu ku- inajileta yenyewe. Ukiamka Mbeya mjini, mlima Loleza umekusimamia. Ukipanda Kitulo wakati wa mvua, maua yanakwenda mpaka macho yachoke. Ukiwa Kitonga unaona malori yamepangana kwenye kona kama siafu. Kila mwenye kamera anataka kuyabeba yote, na siku hizi kila mwenye droni anadhani ameshayabeba.

Mimi nilianza huko huko. Siku nne niliweka kamera dirishani, nikashuti Loleza alfajiri ukungu ukipanda, nikakata dakika kumi na nane safi. Nikatundika shuka kwenye ukumbi mmoja Soweto ya hapa Mbeya, saa nane mchana, mapazia tumefunga. Watu wakakaa. Baada ya kama dakika tano, mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akafunua pazia kwa kidole. Akaangalia nje, akaangalia shuka, akaangalia nje tena. "Kijana," akaniambia kwa upole kabisa, "si ndio huu hapa?"

Mwanga ulioingia ukafuta nusu ya picha. Ukumbi mzima ukageukia dirisha, na kusema kweli mlima wa dirishani ulikuwa bora: mkubwa zaidi, na hauna mikunjo ya shuka.

Tangu siku hiyo nawatazama kwa jicho jingine wale walioiweza ku-. Michael Snow, Mkanada, mwaka 1970 alipeleka kamera juu ya mlima kaskazini mwa Quebec. Lakini hakushuti mandhari ya kalenda. Fundi alimtengenezea mkono wa mashine wa kuizungusha kamera pande zote, juu, chini, kichwa chini miguu juu, bila mtu nyuma yake. Filamu iliyotoka 1971 ina urefu wa saa tatu na haina binadamu hata mmoja. Ukikaa nayo muda, hujui tena ardhi iko upande gani. Kitu hicho huwezi kukipata kwa kufunua pazia.

John Akomfrah, mzaliwa wa Accra aliyekulia London, aliipasua bahari katika skrini tatu zilizopangwa sambamba. Kazi hiyo, Vertigo Sea, ilioneshwa kwenye maonesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2015, nayo ni ya dakika 48: nyangumi wanawindwa, watu wanavushwa kwa nguvu, mawimbi yanaendelea na shughuli zake kana kwamba hayajaona kitu. Isaac Julien mwaka 2010 alitundika skrini tisa katika ukumbi mmoja, watu wakawa wanapita katikati yake. Kisa alichoanzia ni cha wafanyakazi wa Kichina waliozama Morecambe Bay, Uingereza, mwaka 2004, maji yalipojaa wakiwa bado wanaokota kombe. Huwezi kuziona skrini zote tisa kwa pamoja. Ukiangalia hii, ile inakupita, nawe unakuwa kama mtu aliye ufukweni asiyejua maji yanatokea upande gani. Na William Kentridge wa Afrika Kusini, mwaka 2015, alipanga skrini nane kwa mstari, msafara wa watu ukapita na muziki wa tarumbeta: anayetoka skrini hii anaingia inayofuata.

Umeona mchezo wao? Hakuna hata mmoja aliyeiweka kule katika fremu moja akaridhika. Wote wameivunja, ili mtazamaji asiweze kuimaliza kwa mkupuo. Na hapo ndipo mfuko unapolia, kwa sababu kuivunja kunataka mashine kama ya Snow, au skrini nyingi, waya nyingi, na fundi wa kukaa nazo.

Kwa hiyo msimamo wangu, hata kama utawaudhi wenye droni: ukiwa na projekta moja, usichague ku-. Milima haikuhitaji wewe kuonekana. Labda uwe na wazo kama la Kentridge. Mimi bado naota foleni ya malori ya Tunduma ikipita kwenye TV nane za chogo, zile nene za zamani, zilizopangwa ukutani, lori linaingia ya kwanza asubuhi na kutoka ya nane jioni. TV za chogo ziko nyingi kwa mafundi, zimelala chini ya meza. Ila nane zenye rangi zinazofanana, hapo ndipo utakapochakaza viatu.

Pale

Hii fupi, maana yenyewe ni fupi. Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, mwaka 1974 aliweka sanamu ya Buddha mbele ya TV, na kamera inayomrusha Buddha huyo huyo moja kwa moja kwenye TV hiyo. Sanamu inajitazama. Basi. Mahali pote pa kazi ni ule upana mdogo kati ya uso na kioo, na wewe mtazamaji umebaki pembeni kama mgeni aliyekuta watu wanazungumza.

Pa- ni rahisi kuliko zote kwa vifaa, na ngumu kuliko zote kwa wazo. Kitu kimoja, TV moja, meza moja. Kama wazo halijakaa, hakuna giza wala muziki wa kulificha. Lakini inafaa sana kwa mahali ambapo hutapewa chumba: kona ya maktaba, kaunta ya mgahawa, ofisi ya kata. Inafanya kazi mchana. Umeme ukikatika, betri ya sola ya kawaida na inveta ndogo vinaibeba.

Mle

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 1970 Bruce Nauman, Mmarekani, alijenga korido nyembamba: urefu kama mita kumi, upana kama sentimita hamsini. Mwishoni aliweka TV mbili, moja juu ya nyingine. Moja inaonesha mkanda uliorekodiwa wa korido hiyo ikiwa tupu. Nyingine inaonesha picha ya moja kwa moja kutoka kamera iliyowekwa juu, mlangoni. Unaingia ili ujione. Tatizo ni kwamba kadiri unavyoisogelea TV ndivyo unavyoiacha kamera nyuma, kwa hiyo kwenye kioo unajiona kisogo, unapungua, unaondoka.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliona ni utani wa watu wenye pesa. Baadaye nikapiga hesabu. Haitaki projekta. Haitaki giza. Inataka mbao, na mbao za paini zinatoka Mafinga, ziko hapa jirani. Inataka TV mbili za chogo na kamera moja ya ulinzi, zile za CCTV zinazouzwa kila mji. Zile za zamani unachomeka moja kwa moja kwenye tundu la njano la TV, mpya nyingi zinapita kwanza kwenye kisanduku chake cha kurekodia. Nikaamua niijenge Iringa kwa kujifunza, na mlangoni nikaandika wazi kwamba wazo si langu.

Fremu ilikuwa ya mirunda, kuta za mbao nyembamba zilizofunikwa nailoni nyeusi. Nusu mita ni pembamba kuliko unavyodhani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliingia upande upande, mkono ukipapasa ukuta, na nailoni ikawa inalia kama mvua. Ndani kulikuwa na giza kiasi, kwa hiyo kamera ilijigeuza yenyewe kuwa nyeusi na nyeupe. Sikuipanga hivyo, ila watu wakaanza kuonekana kama picha za marehemu, na vicheko vya mlangoni vikapungua.

Akaja bibi mmoja na mjukuu wake. "Kamwene," akasalimia, nikaitika "kamwene, bibi." Akaingia peke yake. Katikati akasimama, akasema kwa sauti, "Huyu anayeondoka ni nani?" Nikamwambia ni wewe, bibi. Akapiga hatua tatu, akasimama tena. "Mbona nikimfuata ananikimbia?" Halafu akafanya jambo ambalo vijana wengi hawakulifanya: akageuka kuitafuta kamera. Uso wake ukaingia kwenye TV, wote mzima, lakini yeye alikuwa ameipa TV mgongo. Sisi tulimwona. Yeye hakujiona. Alipogeuka tena kuangalia kioo, kimebaki kisogo. Mjukuu akawa anapiga kelele, "Bibi, ulikuwepo! Ulikuwepo sasa hivi!"

Hiyo ndiyo mu-. Picha ya Loleza ilikaa mbele ya watu. Korido iliwaweka watu ndani ya picha. Sikushuti hata sekunde moja ya maana, ukiacha ule mkanda wa korido tupu, na ndiyo kazi yangu iliyozungumziwa zaidi.

Wapo walioifuata mu- kwa njia nyingine. Dan Graham mwaka 1974 alijenga chumba chenye kuta za vioo vya kujitazamia, na kamera inayorudisha picha yako baada ya sekunde nane, ukajikuta unamtazama wewe wa muda mfupi uliopita. Hii nayo iko ndani ya uwezo wetu: programu ya bure ya OBS kwenye kompyuta mpakato inaweza kuchelewesha picha ya kamera kwa sekunde unazotaka, hadi ishirini. Mona Hatoum, mzaliwa wa Beirut, mwaka 1994 alijenga chumba cha duara chenye milango myembamba, na sakafuni akaonesha picha zilizopigwa na kamera ya madaktari iliyopita ndani ya mwili wake mwenyewe. Uko ndani ya chumba ukitazama ndani ya mtu. Nimeiweka katika orodha ya kazi ninazoziheshimu nikiwa mbali.

Anayenifundisha zaidi kuhusu kupima ni Pipilotti Rist wa Uswisi. Mwaka 2008 alipewa ukumbi mkubwa wa jumba la makumbusho la MoMA, New York, akajaza kuta zake picha na katikati akaweka kochi kubwa la mviringo, watu wakakaa na kulala. Katika jina la kazi yenyewe aliandika mita za ujazo 7354. Hakupima ukuta, alipima hewa. Sisi tukienda kukagua ukumbi tunauliza ukuta una upana gani. Jaribu kuuliza hewa iliyomo ni kiasi gani, na nani amekaa humo kabla yako.

Na kama hujawahi kuisikia mu- kwenye ngozi, nenda Isimila, kama kilomita ishirini kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Juu kwenye ukingo unaona nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko: hapo ni kule. Shuka ukasimame katikati yake, sauti yako ikirudi karibu karibu: sasa ni mle. Mahali ni pale pale, kiambishi kimebadilika. Usiende na droni.

Panapokosa kiambishi

Kuna kazi moja inanivurugia mpango wangu wote. Shirin Neshat, mzaliwa wa Iran anayeishi Marekani, mwaka 1998 aliweka skrini mbili kwenye kuta zinazotazamana. Upande huu mwanamume anaimba mbele ya ukumbi uliojaa wanaume, anapigiwa makofi. Upande ule mwanamke anasubiri, halafu anaimba katika ukumbi mtupu. Iran wanawake wamekatazwa kuimba peke yao mbele ya wanaume. Wewe umesimama kati, na huwezi kuwaangalia wote wawili bila kugeuza shingo. Si pale, si kule, si mle. Ni baina, na Kiswahili hakikuipa kiambishi. Kazi ilishinda tuzo Venice mwaka 1999.

Kwa gharama, baina ndiyo daraja nzuri kati ya korido na skrini nane: projekta mbili tu. Ila jihadhari na jambo moja. Ukichomeka flashi mbili kwenye projekta mbili na kubonyeza rimoti kwa pamoja, mzunguko wa kwanza watakwenda sawa. Baada ya mizunguko kadhaa mmoja anamtangulia mwenzake, na mwanamke wako anaanza kuimba mwanamume hajamaliza. Dawa ni kutengeneza video moja pana yenye picha zote mbili, halafu kuigawa kutoka kwenye kompyuta moja yenye matundu mawili ya kutolea picha. Au uandike kazi ambayo kupishana hakuiharibu. Mimi ningechagua hilo la pili.

Sasa chagua

Una TV moja na meza: pa-. Una mbao, kamera ya ulinzi na chumba ambacho hakifungi giza: mu- ya korido. Una chumba chenye giza na projekta moja: bado mu-, lakini lenga sakafu, dari au kona ya kuta mbili, achana na ule ukuta wa mbele uliozoea kuoneshewa mpira. Una projekta mbili: baina. Una skrini tatu kwenda juu na watu wa kukusaidia wiki nzima: hapo ruhusa, nenda kule. Na kama umeing'ang'ania ku- kwa projekta moja, tundika shuka jepesi katikati ya chumba badala ya ukutani. Mwanga unapita, picha inaonekana pande zote mbili, watu wanaizunguka. Maandishi tu usiweke, upande wa pili yatasomeka kinyumenyume.

Mambo ya projekta yenyewe. Za kawaida zinataka umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya mita mbili, projekta iwe mita tatu nyuma. Kwa hiyo kwenye vyumba vyetu vya tatu kwa tatu, mtazamaji atapita mbele ya mwanga na kivuli chake kitakuwa sehemu ya kazi yako. Amua mapema kama unakitaka. Ukiongeza upana mara mbili, mwanga unabaki robo, na ndiyo maana picha kubwa ya saa nane mchana ni shuka tu. Nje subiri saa moja na nusu usiku.

Lingine ni la nyanda za juu hasa, na lilinitesa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini kumepita 1,500. Hewa nyepesi haibebi joto vizuri, kwa hiyo projekta nyingi zina mpangilio wa mahali pa juu unaoongeza kasi ya feni, na vitabu vyake vingi vinataka uuwashe ukizidi mita 1,500 hivi. Niliwahi kuazima moja iliyotoka Dar, ikawa inajizima kila baada ya muda. Nikalaumu LUKU, nikalaumu ekstensheni, nikalaumu mpaka mlinzi wa ukumbi. Ilikuwa joto. Nilipouwasha mpangilio ule ikatulia, ila feni ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga. Kazi yako ikiwa ya kunong'ona, tafuta spika uziweke mbali na projekta.

Mimi kazi yangu ijayo nimeshaichagua: mu-, na chumba nimekipata. Ni kibanda umiza, banda la kuoneshea mpira, jirani na Mwanjelwa hapa Mbeya, kile cha mabenchi na nailoni nyeusi madirishani, ambacho tayari kina giza, kina joto la watu, na kila mtu wa mtaa anajua namna ya kukaa humo. Nitageuza kamera iyatazame mabenchi, na picha irudi na kuchelewa. Mwenye banda amekubali, kwa masharti. Jumanne na Jumatano za Ligi ya Mabingwa, saa tatu na nusu usiku tuwe tumeshatoa vitu vyetu. Halafu akaniuliza kiingilio ni shilingi ngapi. Nikamwambia bure. Akatikisa kichwa. "Kaka, bure hawataingia. Weka hata mia tano."